Kondakta aliyemwacha mkewe kituoni Nairobi

Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi asubuhi. Katika stendi ya mabasi ya Dodoma, injini ya basi la Arusha imekwisha kuwaka, mizigo juu ya keria imefungwa turubai na dereva ameshika usukani. Kondakta Bushiri Harithi amesimama chini, mlangoni, kiganja cha mkono wa kulia kimeinuliwa kwenye ubavu wa basi. Abiria wote wanakingoja kigonge bodi waondoke. Hakigongi.

"Kila mtu amtazame jirani yake," anasema. "Yupo?"

Watu wanatazamana. Mama mmoja wa siti ya nyuma anasema wake hayupo, yule binti mwenye begi la shule, ameshuka kununua chapati. Bushiri anangoja. Binti anakuja mbio, chapati zimefungwa kwa gazeti, na mwandishi wa makala haya anasikitika kusema lilikuwa gazeti hili hili.

Binti akishakaa, kondakta analizunguka basi lote polepole, anachungulia chini, anatazama kushoto na kulia. Ndipo anapogonga mara mbili na kurukia mlangoni. Mzee mmoja wa siti ya mbele anauliza kwa kejeli kama siku hizi mabasi yanaita mahudhurio kama darasa la kwanza.

Bushiri anacheka. Anamwambia mzee kwamba utaratibu huu hauna hata miezi miwili, na kwamba aliufundishwa Nairobi. Hamwambii mwalimu alikuwa nani. Mwalimu ni mkewe, na somo lenyewe lilikaribia kumtoa roho.

Bushiri ana umri wa miaka arobaini na minane. Amezaliwa Dodoma na anaishi Chang'ombe, nyumba ya tofali za kuchoma yenye mti wa mkungu mbele. Babu wa babu yake alitoka pwani na msafara wa wafanyabiashara waliokuwa wakielekea Tabora, akaugua njiani, akauguzwa na watu wa hapa, akaoa na hakuondoka tena. "Ukoo wetu ni wa njiani," anasema. "Mimi kuwa kondakta wala si ajabu."

Aliajiriwa mwaka 1974 na shirika moja la umma la mabasi. Barabara ya kwenda Kondoa anaijua jiwe kwa jiwe, na wakati wa masika amewahi kulala njiani siku mbili akisukuma basi na abiria wake. Ilikuwa miaka ambayo mabasi yalikuwa machache kuliko watu, na sabuni ilikuwa chache kuliko mabasi. Kondakta alikuwa mtu mkubwa. Wazee walimwamkia kwanza wao, jambo ambalo Bushiri anasema lilimtia haya hata wakati huo.

Mwaka 1993 shirika likafungwa. Wafanyakazi zaidi ya mia moja walipunguzwa kazi, naye akiwamo. Kiinua mgongo kilikuja vipande vitatu, kikageuka mabati ya nyumba na karai la mkewe la kukaangia maandazi. Kwa miezi tisa Bushiri hakuwa na pa kwenda, lakini mwili wake haukupata habari hiyo. Kila siku aliamka alfajiri, akavaa.

"Alikuwa akivaa viatu anakaa kitandani," anasimulia mkewe, Sikuzani. "Nikamwambia, Baba Rukaya, vivue, basi limeshaondoka."

Ni mwanamke wa maneno machache na kicheko cha ghafla. Wateja wake wa maandazi wanajua kwamba ukiona kimya kimezidi, kuna jambo linapikwa zaidi ya maandazi.

Mwaka uliofuata tajiri mmoja mwenye mabasi mapya akamchukua. Mshahara ni shilingi elfu thelathini na nane kwa mwezi, na posho ya elfu mbili kila safari. Si nyingi. Lakini Bushiri hazungumzi habari ya mshahara bila kushukuru. "Tulipunguzwa pamoja watu wengi," anasema. "Wako wenzangu mpaka leo wanakaa na viatu kitandani. Mimi Mungu kanipa basi jingine, tena lenye vioo vyote."

Tajiri huyo alipoanzisha safari za Nairobi mwaka jana, aliweka utaratibu mmoja ambao wafanyakazi wake wanausifu. Mara moja kwa mwaka kila mmoja anapewa siti za bure kwa ajili ya familia yake, na siku hiyo yeye ni abiria, hakati tiketi ya mtu. Zamu ya Bushiri iliangukia Julai, shule zikiwa zimefungwa.

Ili kujua safari hiyo ilikuwa na uzito gani, sharti kurudi nyuma miaka ishirini. Bushiri na Sikuzani walioana siku ya Alhamisi. Jumamosi bwana harusi alikuwa mlangoni mwa basi. Watoto wamejaaliwa watatu, na wawili kati yao walizaliwa baba yuko barabarani. Rukaya, kitinda mimba ambaye sasa ana miaka kumi na mmoja, alizaliwa wakati basi la baba yake limezuiwa na mto uliofurika ng'ambo ya Kondoa. Habari zilimfikia siku ya tatu, kwa mdomo wa dereva wa lori.

Sikukuu za Idi ndizo siku ambazo watu husafiri zaidi, kwa hiyo ndizo siku ambazo kondakta haonekani nyumbani kabisa. Sikuzani hakulalamika, au alilalamika kwa namna yake ya kukaa kimya. Kitu kimoja tu ndicho alichokishikilia. Bushiri alimwahidi tangu uchumba kwamba iko siku atamtembeza mji mkubwa, mchana kutwa, mpaka mwenyewe aseme amechoka.

"Sikutaka dhahabu," anasema Sikuzani. "Nilitaka siku moja ambayo yeye si wa abiria. Ni wangu."

Siku hiyo, baada ya miaka ishirini, ilikuwa Jumamosi ya katikati ya Julai. Wao wawili na Rukaya walifika Nairobi Ijumaa jioni kwa basi la Charles, dereva wa kampuni, mwenyeji wa Mlali, ambaye hasafiri popote bila mfuko wa karanga za kwao. Walilala gesti. Basi la kurudi lilikuwa la Jumapili asubuhi. Kwa hiyo walikuwa na siku moja, si zaidi.

Bushiri ana nadharia yake kuhusu kutembelea miji, na aliishikilia kama sheria. Anasema teksi inakuonyesha unakokwenda wewe, lakini basi la mjini linakuonyesha wanakoishi watu. Unapanda kituo cha kwanza, unakwenda mpaka wanapogeuzia, unarudi. Nauli ni ndogo na dirisha ni lako.

Walianza kwa miguu. Walikwenda kuliona jumba refu la mikutano, wakapandishwa kwa lifti hadi juu kabisa. Sikuzani alifumba macho wakati wa kupanda. Alipoyafumbua alimuuliza mlinzi Dodoma iko wapi, na yule mlinzi, Mungu ambariki, hakucheka, akanyoosha kidole upande wa kusini. Sikuzani akatazama huko kwa muda mrefu kama mtu anayehakikisha kwamba moto ameuzima.

Kisha wakateremka hadi kituo kimoja cha mabasi kando ya bustani kubwa. Julai Nairobi ni baridi, na pale kituoni palikuwa na mama aliyekuwa akichoma mahindi chini ya mwavuli wa manjano. Jina lake Raheli. Walinunua mahindi matatu, wakaota moto wake. Rukaya alipopata joto alivua sweta, akaliweka juu ya kasha la kukalia la Raheli.

Basi likaja. Watu wakasukumana, na hapo ndipo miaka ishirini na miwili ya kazi ilipompanda Bushiri kichwani.

Alimpandisha Rukaya. Akamwona mzee mwenye gunia, akalipokea gunia, akalisukuma chini ya siti. Akawaambia vijana wawili wasogee ndani, ndani kuna nafasi, wakasogea. Akawapisha akina mama. Akahesabu vichwa, jambo ambalo hakuna aliyemwomba. Kondakta halisi wa basi hilo, aliyeitwa Eliakimu, alikuwa mbele anakata tiketi na hakuwa na habari kwamba nyuma amepata msaidizi kutoka nchi jirani.

Sikuzani alikuwa amekumbuka sweta. Alirudi hatua kumi kulichukua.

Bushiri akatazama mlangoni, akaona hakuna mtu. Akaning'inia, akagonga bodi mara mbili. Dereva akatia gia.

"Nilihesabu watu wa watu," anasema sasa, akiitazama miguu yake. "Wangu hakuwamo kwenye hesabu. Mke wa kondakta huwa hahesabiwi, unajua? Abiria ndiye anayehesabiwa."

Ni Rukaya aliyesema, "Baba, mama hayumo."

Basi lilikuwa limeshaingia barabara kubwa. Bushiri alipiga kelele lisimame. Eliakimu akaja nyuma na hasira zake, akitaka kujua ni nani aliyegonga gari lake. Bushiri akanyoosha mkono kama mwanafunzi. Akasema ni yeye, na kwamba ni kondakta. Eliakimu akamuuliza kondakta wa wapi. Akajibu, wa Dodoma. Basi zima likaangua kicheko, mpaka walipoiona sura ya Rukaya.

Eliakimu alibadilika hapo hapo. Alimsimamisha dereva mara tu walipouvuka mzunguko, akakataa nauli, akawaelekeza warudi walikotoka. Lakini mji ule una barabara za kwenda tu zisizorudi, na bustani zinazofanana, na mizunguko inayomtema mtu asipopataka. Bushiri aliwauliza wapita njia. Kila mmoja alimuuliza swali lile lile: kituo gani?

Hakujua. Kwa miaka ishirini na miwili watu walimuuliza yeye jina la kituo, na siku aliyohitaji kulijua hakuwa amelitazama.

Lililomkata maini zaidi lilikuwa begani mwake. Kwa desturi ya kazi, vitu vyote vya safari alivitia katika mfuko mmoja na kuubeba mwenyewe: pesa za Kenya, hati za kuvukia mpaka, anwani ya gesti. Sikuzani alikuwa peke yake katika mji wa kigeni akiwa na sweta la mtoto na hindi nusu. Na iliyokuwa ikipotea si Sikuzani tu. Ile siku moja aliyoingojea miaka ishirini ilikuwa ikiyoyoma dakika baada ya dakika, na aliyeivuruga ni yule yule aliyeiahidi.

Rukaya alikuwa akitetemeka kwa baridi, baba yake akampa koti lake. Walikwenda njia moja wakatokea wasikokujua. Wakarudi. Walikwenda nyingine. Bushiri alitafuta jengo la kukumbuka, akakuta majengo yote ni marefu. Rukaya ndiye aliyemwambia aache kutazama juu, watafute mwavuli wa manjano wenye kiraka cha buluu.

Walizunguka zaidi ya saa nzima. Mara ya tatu, ng'ambo ya barabara, wakauona.

Chini yake, juu ya kasha, alikaa Sikuzani. Sweta lilikuwa mapajani. Kipepeo kilikuwa mkononi, anachochea mkaa, na mteja mbele yake anachagua hindi. Raheli alikuwa amekwenda kuchota maji na kumwachia biashara, na kufikia wakati huo Sikuzani alikuwa ameshauza mahindi sita.

Baadaye alieleza ilivyokuwa. Basi lilipoondoka alilikimbilia hatua chache akiita, halafu akasimama. Raheli akamshika mkono, akamwambia akae, akienda kumtafuta mumewe watatafutana mpaka Krismasi. Sikuzani akamjibu kwamba hilo analijua, tena analijua kuliko mtu yeyote mjini humo. Ni kanuni ambayo Bushiri huwatangazia abiria wake kila basi linaposimama Kondoa watu wakale, na akirudi nyumbani humsimulia mkewe habari za wale wasioifuata.

Bushiri alivuka barabara, akasimama mbele yake. Sikuzani alimrudishia mteja chenji kwanza.

"Abiria akiachwa, asiondoke pale alipoachwa," alisema. "Si ndivyo unavyowaambia?"

"Ndivyo, Mama Rukaya."

"Basi nimekaa."

Bushiri alilia pale pale kando ya barabara, watu wakipita, na hataki jambo hilo lifichwe katika makala haya. Sikuzani alimwacha alie kidogo. Kisha akamwambia neno ambalo mumewe anasema atakwenda nalo kaburini.

"Lilipoondoka lile basi sikushangaa. Hilo ndilo lililoniuma, Baba Rukaya. Mgongo wa basi nimeuzoea. Ila leo uliniambia ni siku yangu."

Raheli alirudi na ndoo ya maji, akawakuta wote watatu macho mekundu, akadai ni moshi. Walipotaka kulipa yale mahindi ya mwanzo alikataa. Alisema mume wake ni dereva wa malori ya mpakani Malaba, kwa hiyo kazi ya kungoja anaijua, na wanawake wanaongoja hawatozani. Akampa Rukaya hindi jingine, la moto.

Kulikuwa kungali mapema, saa sita na nusu. Waliswali adhuhuri katika msikiti mkubwa wa katikati ya mji. Walipotoka, Bushiri akamuuliza mkewe anataka kuona nini, popote, hata kwa teksi. Sikuzani akasema anataka kile kile walichokusudia. Anataka basi. Akae dirishani, na yeye Bushiri akae kando yake, asisimame.

Basi la kwanza lililotokea lilikuwa la Eliakimu. Aliwatambua, akafurahi kama waliopotea ni ndugu zake, akawakalisha siti ya nyuma ya dereva. Safari hii aliwakatia tiketi, na Bushiri akalipa. Ilikuwa tiketi ya kwanza kujinunulia tangu mwaka 1974. Anayo mpaka leo, katikati ya kitabu cha ripoti za shule cha Rukaya.

Sikuzani alikaa dirishani. Kabla basi halijatoka alichukua mkono wa kulia wa mumewe, ule wa kugongea, akauweka mapajani na kuushika kwa mikono yake miwili.

"Kila kituo nilisikia unataka kwenda," anasema, na kicheko kinamponyoka. "Unaruka kama samaki. Nikaubana."

Waliuzunguka mji wote namna hiyo. Walikwenda hadi mwisho wa njia moja, wakarudi, wakapanda ya pili, kisha ya tatu. Waliona majumba yenye nyua za maua na mbwa wakali, soko la mitumba lisilo na mwisho, nguo zilizoanikwa kwenye ghorofa tano, kanisa lenye harusi mbili kwa mpigo. Rukaya alisoma mabango yote kwa sauti. Jioni walipoteremka Sikuzani alitamka neno ambalo Bushiri aliliahidi wakati wa uchumba. Alisema amechoka.

"Nashukuru aliniacha," anasema sasa, akigeuza maandazi. "Asingeniacha angesimama mlangoni mpaka jioni, nami ningenyamaza kama siku zote."

Bushiri naye ana shukrani nyingi, na anazipanga kwa zamu kama abiria. Anamshukuru tajiri wake kwa siti, Eliakimu kwa huruma, Rukaya kwa macho yake. Raheli hawezi kumshukuru kwa maneno. Kwa hiyo kila basi la Charles linapokwenda Nairobi, mfuko mmoja wa karanga za Mlali unashuka chini ya mwavuli wa manjano. Mara ya mwisho ulirudi na majani ya chai na salamu kwa "yule muuzaji wangu wa mahindi".

Kutuliza aibu imekuwa kazi ngumu zaidi. Shule zilipofunguliwa mwalimu aliwataka watoto wasimulie likizo yao, na Rukaya akasimulia yote. Kabla ya magharibi Chang'ombe nzima ilikuwa na habari. Sasa Bushiri akipita mtaani, watoto hugonga ukuta mara mbili na kukimbia. Anawavumilia, maana anasema wanamkumbusha.

Basi letu linapita Kondoa, na baadaye kidogo linapunguza mwendo Kolo. Wazungu wawili wanashuka na mabegi yao mgongoni, wanakwenda kuona michoro ya watu wa kale kwenye mawe ya mlimani. Bushiri anawashushia mizigo, anawaonyesha njia kwa kidole. Anarudi mlangoni, anauliza majirani wapo, wanajibu wapo.

"Nimeshusha watu hapa tangu sabini na nne," ananiambia akiwatazama wakiishia kwenye vichaka. "Mimi mwenyewe sijawahi kushuka."

Kushuka hapo ndio mpango wake. Ameshaomba siku moja, likizo ya Desemba, kabla mvua haijakaza. Watakuja na basi la asubuhi, yeye, Sikuzani na Rukaya, watapanda mlima kuiona hiyo michoro, watakula walichobeba, na alasiri watasimama kando ya barabara kulingoja basi litokalo Arusha liwarudishe nyumbani. Tajiri amekubali. Aliyebaki kukubali alikuwa Sikuzani, na niliporudi Dodoma nilikwenda kumuuliza.

Alifuta mikono kwenye khanga, akafikiri.

"Nimemkubalia," alisema. "Ila yeye atangulie ndani, akae dirishani. Mimi nitapanda wa mwisho. Na bodi nitaligonga mimi."